Chungu Kwenye Kona ya Pazia

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Studio ni vidole vyake viwili. Nilimfungulia mlango, nikamwamkia, nikanyoosha mkono nimpokee mfuko. Yeye, kabla hata ya kuitikia, aliweka vidole viwili chini ya kidevu changu, akakiinua kidogo, akafumba jicho moja nusu na kunitazama.

"Hapo hapo," alisema. "Ukikishusha unafanana na mtu aliyenyimwa. Marahaba, mwanangu."

Nyuma yake mwanawe alikuwa bado anapanda ngazi, anahema na sanduku begani. "Mama, mwache mpangaji wangu. Hajaja kupiga picha huyo."

"Hakuna asiyekuja kupiga picha," Mama alijibu. "Kuna ambao hawajajijua tu."

Nyumba ilikuwa ghorofani, juu kabisa, bila lifti: vyumba viwili vya kulala na sebule ambayo pia ndiyo jiko. Chumba kidogo nilikuwa nimekipanga mimi tangu nilipomaliza chuo, nikiwa bado natafuta kazi. Chumba kikubwa kilikuwa cha kaka. Namwita kaka kwa sababu amenizidi umri, na kwa sababu ugenini asiye na ndugu hujitengenezea. Kaka alikuwa dobi wa hospitali, zamu ya usiku. Usiku kucha alisimama mbele ya mashine kubwa kama vyumba, akilisha mashuka upande mmoja na kuyatoa upande wa pili.

Mama alipokuja, kaka alimwachia chumba na kuhamia kwenye kochi la sebuleni. Hapo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kabla ya safari. Kaka alirudi asubuhi na kulala mchana kutwa. Kochi lilikuwa jirani na jiko, na mtu akigusa kijiko tu, alizinduka. Kwa hiyo mama aliyevuka bahari kuja kumwona mwanawe akawa anatoka nyumbani kila siku ili mwanawe apate usingizi.

"Nenda katembee, Mama," kaka alimwambia. "Watu wanatoka mbali kuja kuliona jiji hili."

"Mimi nimetoka mbali kuja kukuona wewe."

"Kwani sionekani?"

"Unaonekana umelala."

Siku ya kwanza kabisa kaka aliomba ruhusa kazini akampeleka mwenyewe. Alimfundisha treni ya chini ya ardhi: ukipotea usiogope, shuka, vuka upande wa pili, rudi ulikotoka. Wakafika kwenye uwanja mkubwa wenye chemchemi na sanamu ya mtu juu ya farasi. Wakakaa kwenye benchi. Mama alipogeuka kuuliza farasi yule ni wa nani, kaka alikuwa amesinzia, kinywa wazi, njiwa wawili wakiokota makombo kati ya viatu vyake. Mama hakumwamsha. Alimpiga picha, kisha akakaa naye akilinda mifuko yake mpaka baridi ilipomwamsha mwenyewe. Huo ndio ulikuwa utalii wao wa pamoja.

Siku zilizofuata alikwenda peke yake, akiwa amevaa lile koti.

Ili mtu alielewe koti lile, inabidi aijue studio. Mama Studio na marehemu mumewe walikuwa na studio ya picha huko kwao, chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao: mbele pa kupigia, nyuma chumba cha giza cha kusafishia picha. Kwenye ukuta wa mbele lilining'inia pazia kubwa la turubai, nalo lilichorwa jiji la ng'ambo: mto mpana, daraja lenye nguzo mbili ndefu, mnara wenye taa juu, na nyuma yake bomba la moshi. Mteja alisimama mbele ya pazia, akavishwa koti zito la baridi, akapigwa picha akiwa ng'ambo. Koti lilikuwa moja kwa wanene na wembamba, kwa hiyo mgongoni lilikuwa limepasuliwa kutoka kwenye ukosi hadi chini, likabanwa kwa vibanio vya nguo kulingana na mwili wa mteja. Mbele lilikuwa koti la waziri. Nyuma lilikuwa kamba ya kuanikia.

Sasa Mama alikuwa amelileta koti lile kwenye jiji lenyewe.

"Mama, nitakununulia jingine," kaka alisema kwa aibu alipomwona mlangoni na vibanio mgongoni.

"La nini? Hili limekuja huku mara nyingi kuliko wewe."

Mchoraji wa pazia alikuwa mumewe. Alipokuwa kijana, kabla hajaoa, alichukuliwa kuwa msaidizi wa mpishi kwenye meli ya mizigo, na kwa maneno yake mwenyewe meli ile ilikaa matengenezoni katika jiji hili karibu msimu mzima. Alirudi kwao mikono mitupu. Hakuwa na koti, hakuwa na cheti, hakuwa na rafiki wa kumtumia salamu. Alichokuwa nacho ni kamera kuukuu na filamu moja. Akafungua studio, akachora pazia, akasema: hii niliipiga mimi, nilisimama pale. Masika ya mwaka uliofuata paa lilivuja, filamu ikaota ukungu, ikatupwa. Mama alipoolewa alilikuta pazia, hakuikuta filamu.

Mtaani hawakumwamini. Walisema amenakili kalenda. Wakampa jina la Mzee Ng'ambo, na mwanawe alipoanza shule wakamwita Mtoto wa Pazia. "Baba yako amefika wapi?" mmoja aliuliza kwa sauti wakati wa mapumziko. "Amefika ukutani!" darasa zima likajibu. Kaka aliniambia habari hiyo mara moja tu, akipasi shati, na alilipasi shati lile mpaka likanukia kuungua.

Halafu kuna chungu. Chini kabisa ya pazia, kwenye kona, mchoraji alikuwa ameweka doa jeusi lenye umbo la chungu: tumbo refu, masikio mawili yaliyotokeza huku na huku, na kifuniko cha mviringo juu. Wateja walikilalamikia. Ng'ambo gani hii yenye chungu barabarani? Kaka alipokuwa mdogo alikipenda, akasimama karibu nacho kila alipopigwa picha. Mama alipomwomba mumewe akifute, alijibiwa kwa kicheko, "Mwache, huyo ni mwenye duka." Naye alidhani ni mzaha wake wa kawaida, kwa sababu mume yule, Mungu amrehemu, mizaha hakuibania.

Yote haya Mama alinisimulia jioni, kaka akishaondoka kazini, tukimenya viazi kwenye meza ya jiko. Na ndipo aliponieleza alichokuja kukitafuta.

Mumewe alipougua, miaka miwili iliyopita, alimpigia mwanawe simu. Mama ndiye aliyeishika simu karibu na mto wa kulalia, sauti ikiwa imefunguliwa. Mgonjwa aliuliza jambo moja. "Umepita pale kwangu? Penye mto, mnara na daraja?"

Kaka alijibu, "Baba, mahali hapo hapapo. Mnara upo, daraja lipo, lakini havikai hivyo. Nimezunguka. Hapapo."

"Mzee alivuta shuka mpaka kifuani," Mama aliniambia. "Akasema, 'Haya, baba. Kazi njema.' Akaniashiria nikate simu. Hakulizungumza tena mpaka tulipomzika."

Aliendelea kumenya. Maganda yalikuwa yanatoka membamba, marefu, bila kukatika.

"Kwa hiyo nataka kujua," alisema. "Niliishi na mtu, au niliishi na kalenda? Basi. Nikijua nitatulia, hata kama ni kalenda."

Utalii wake ukawa huo. Ndani ya mfuko wa koti alibeba picha moja ya studio: kaka akiwa na miaka kama sita, koti limemfika kwenye vifundo vya miguu, mbele ya pazia, chungu miguuni pake. Alishuka kwenye treni karibu na mto, akatembea kwenye ukingo, akisimama kila baada ya nguzo ya taa kulinganisha picha na ukweli. Watu walimpita kwa kasi. Siku za mwanzo aliwasalimu wote, maana hakujua namna nyingine ya kupishana na binadamu. Wengine walifikiri anauza kitu. Mzee mmoja mwenye mbwa aliitikia kwa kichwa, na jioni ile Mama alituambia habari hiyo kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa heshima.

Kaka alisema kweli katika jambo moja: havikai hivyo. Kwenye pazia mnara uko kushoto na daraja liko kulia. Mama aliposimama kwenye ukingo, kila aliposimama, daraja lilikuwa kushoto na mnara kulia. Alivuka daraja kwenda upande wa mnara, akapita nyuma yake kwenye vichochoro vya maghala, na kweli huko mpangilio uligeuka. Lakini sasa mto wote ulikuwa nyuma ya mnara. Kwenye pazia maji yako mbele. Mtu angesimama wapi? Angeruka kama ndege?

Na kila alipokuwa anasimama kupima, kulikuwa na watalii. Wawili wawili, familia nzima nzima, maharusi. Wakimwona mama aliyetulia na jicho moja limefumbwa, walimkabidhi simu zao kwa ishara. Akawa mpiga picha wa jiji lile bila kuajiriwa. Aliwapanga kwa mikono, aliwasogeza kwenye mwanga, aliwainua videvu. Bibi harusi mmoja aligeuzwa kabisa na kuondolewa kwenye upepo. Walimshukuru kwa lugha asizozijua, wakacheka walivyotoka vizuri, wakaenda. Hakuna aliyesema: na wewe je, tukupige?

"Nimewapiga dunia nzima leo," alisema jioni moja akijivua koti. Kaka alikuwa anavaa viatu vya kazini. "Wachina, Wahindi, sijui wa wapi na wapi."

"Na wewe umepigwa?" kaka aliuliza, akitafuta ufunguo.

"Mpiga picha hapigwi."

"Haya. Chai iko kwenye chupa." Na mlango ukafungwa.

Nilimwona akikaa kwenye kochi, mahali palepale mwanawe alipokuwa amelala, papo hapo penye joto. Akashika blanketi, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Siku iliyoleta mabadiliko ilikuwa ya mvua ya manyunyu. Vibanio vya mgongoni vilikuwa vinaingiza maji. Mama aliingia kwenye mgahawa mdogo wa chai unaotazama mto, akaonyesha kidole kwenye kikombe cha mtu mwingine ili aletewe kama kile, akakaa mahali palipokuwa wazi: ameupa mto mgongo, uso kwenye ukuta. Na ukuta ule wote ulikuwa kioo.

Aliinua kikombe. Ndani ya kioo, juu ya bega lake mwenyewe, kulikuwa na mto. Mnara ulikuwa kushoto. Daraja lilikuwa kulia. Maji yalikuwa mbele.

Anasema alikirudisha kikombe taratibu sana kwenye kisahani, kama mtu aliyeona ndege dirishani.

Alirudi nyumbani mapema, amelowa, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakujali kwamba mwanawe amelala. Nilikuwa jikoni. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Msomi! Hiyo simu yako inaweza kugeuza picha? Kulia kuwe kushoto?"

Nikaipiga ile picha ya studio kwa simu, nikaigusa kwa kidole, ikageuka. Mama aliitazama, akakaa chini kwenye kiti.

"Aliiweka tumbo juu mgongo chini," alisema. "Mzee yule! Aliiweka filamu kinyume."

Sikuelewa, akanieleza. Mumewe hakuchora pazia kwa kuangalia. Aliiweka filamu ndani ya mashine ya kukuzia picha, akaielekeza kwenye turubai ukutani, taa ikawashwa, picha ikatua pale kama kivuli, naye akaifuatisha kwa mkaa kabla ya kupaka rangi. Filamu ina pande mbili, mmoja wa kung'aa na mmoja wa kufifia. Ukikosea upande, kila kitu kinageuka. Na mumewe alikuwa bingwa wa kukosea. Aliwahi kusafisha picha za harusi ya binti wa mwalimu mkuu, pete ikatokea mkono usio wake, wakwe wakaja juu nusura ndoa ivunjike. Tangu hapo Mama ndiye aliyeziweka filamu mashineni. Lakini pazia lilichorwa kabla hajamwoa.

"Kalenda haiingii kwenye mashine ile," alisema. "Ni karatasi, haipitishi mwanga. Aliyenakili kalenda anachora kushoto kwa kushoto. Wa kugeuza hivi ni mwenye filamu peke yake. Kosa lake ndilo shahidi wake!"

Kochi lililalamika. Kaka alikuwa amekaa, nywele zimesimama upande mmoja, macho mekundu.

"Mama, kuna nini?"

Mama alimweleza yote tena, haraka, akirudia rudia. Kaka alisikiliza akijikuna shingo.

"Sawa," alisema mwishoni. "Alikuwa na filamu. Mabaharia walikuwa wanauziana vitu vya kila aina, Mama. Filamu inaweza kuwa ya mtu. Kuwa na picha ya mahali si kufika."

"Wewe mtoto una roho ngumu."

"Mimi nimechoka tu. Leo naingia mapema." Akajilaza, akajifunika mpaka kichwani. Kisha, kutoka ndani ya blanketi, akasema polepole, "Nilimwambia hapapo kwa sababu nilizunguka kweli. Sikumdanganya."

Mama alizima jiko ili chungu kisichemke kwa kelele.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda naye. Sikuwa na usaili wowote, na nilitaka sana kuona. Tulitembea kwenye ukingo uleule aliokuwa ameupita siku zote, safari hii tukilinganisha na picha iliyogeuzwa. Mnara na daraja vilikubali mara moja. Kilichobaki ni bomba la moshi, ambalo kwenye pazia limesimama katikati kabisa ya nguzo mbili za daraja. Tukarudi nyuma, tukasogea mbele, likajificha nyuma ya nguzo, likatoka. Mama alikuwa anatembea kinyumenyume, vibanio vikigongana mgongoni, akiniambia, "Bado. Bado. Bado kidogo." Kisha akasimama.

Palikuwa mahali pasipo na chochote. Reli ya chuma ya kuzuia watu wasianguke mtoni, mawe ya njia, ngazi za treni upande wa nyuma, pipa la taka. Mama alikuwa amepumzika hapo mara kadhaa akila mkate wake. Aliishika reli kwa mikono miwili akaitazama kama mtu anayesoma.

"Basi ngoja nikupige," nilisema. "Wewe hujapigwa hata moja."

Alisita, akajitengeneza ukosi, akainua kidevu chake mwenyewe kwa vidole viwili. Nilirudi nyuma hatua chache, nikainua simu kwa mikono yote miwili mbele ya macho. Wakati ule ule wingu lilipasuka kidogo nyuma yangu, na jua la asubuhi likamwagika njiani.

Mama hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anatazama chini, karibu na viatu vyake.

"Usisogee," alisema.

"Nini?"

"Nimesema usisogee! Usishushe mikono!"

Nikatazama chini kwa macho tu. Kivuli changu kilikuwa kimelala kwenye mawe mbele yangu, kirefu, kikamfikia miguuni: tumbo refu la mwili, viwiko viwili vimetokeza huku na huku kama masikio, na kichwa juu kama kifuniko.

Chungu.

Jua likafunikwa, kikapotea. Mama alibaki anatazama mawe matupu. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tena, akajifuta macho kwa mkono wa koti lile la wateja wote. "Mwenye duka," alisema. "Alituambia. Miaka yote alikuwa anatuambia, sisi tunacheka. Alichora kivuli chake mwenyewe akipiga picha, tena kwa uaminifu, kama alivyokikuta. Akaogopa hata kujifuta."

Tulipokuwa tunarudi kwa treni aliishika picha ya studio mapajani. Nilidhani anafurahi. Kumbe alikuwa anapima.

"Nikimwambia," alisema, "nitakuwa nampa baba yake, au nampa mzigo? Ataikumbuka ile simu. Mimi naijua roho yake, haisahau. Atajiuliza kila siku kwa nini alisema hapapo."

"Usipomwambia?"

"Ataendelea kuwa Mtoto wa Pazia. Na mimi nitapanda ndege nimebeba baba wa mtu kwenye mkoba." Alitazama dirisha, ambalo nje yake hakukuwa na kitu ila giza la handaki na nyuso zetu. "Mtu akiambiwa hubisha. Akiona, hunyamaza. Sitamwambia. Ataona."

Jioni alimsubiri kaka avae viatu.

"Baba," alimwita, kama akina mama wanavyowaita wana wao wanapotaka jambo. "Jumapili ukitoka kazini usirudi hapa moja kwa moja. Shukia kituo cha mtoni. Nataka unipige picha."

"Mama, asubuhi nakuwa maiti."

"Maiti hashiki kamera. Picha moja tu, ukalale."

"Mpangaji si yupo? Mwambie yeye."

"Yeye amekwisha nipiga. Nataka unipige wewe, kwa kamera ya baba yako. Nimekuja nayo."

Kaka alitulia, kamba ya kiatu mkononi. Wiki nzima hakuwa amejua kwamba kamera ile imo humu ndani, chini ya kitanda chake mwenyewe.

"Inafanya kazi?"

"Kuliko wewe."

Akacheka puani. "Haya. Nitapitia. Mashuka yakiwa mengi nitachelewa, lakini nitapitia."

Mama alilala na ahadi hiyo, na ni ahadi hiyo aliyoitembeza jijini siku zilizobaki. Alikwenda kutazama makumbusho aliyoyapita tu mwanzoni, akasimama mbele ya michoro, akasema inahitaji mwanga wa pembeni. Alipanda mashua ya watalii, akawapiga watu picha, akarudi akiuliza kama kesho kutakuwa na jua. Nilimwonyesha utabiri kwenye simu. Ulisema mawingu. Alisema simu haijawahi kufungua studio.

Leo ni Jumapili. Tumefika mapema kuliko lazima. Mama ameingiza filamu mpya kwenye kamera, ameiangalia pande zote mbili mara mbili, upande wa kung'aa na wa kufifia, kisha akanipa niangalie na mimi. Ametoa kipande cha chaki mfukoni mwa koti, akainama kwa shida, akaandika alama ya msalaba kwenye mawe, kama alivyokuwa akiwaandikia wateja mahali pa kusimama. Safari hii ni mahali pa mpiga picha. Amenisimamisha hapo, akanipandisha mikono, akanisogeza kidogo kulia.

Mbingu nyuma yetu ni ya kijivu, lakini kwenye paa za maghala ng'ambo ya mto kumeanza rangi ya mkate uliookwa. Kaka ametuma ujumbe kwamba mashuka yameisha, amepanda treni. Ujumbe una muda sasa. Kila treni ikipita chini yetu mawe yanatetemeka, kisha watu wanatokea kwenye ngazi: mwanamke na maua, wazee wawili wanaobishana, kundi la wanafunzi. Mama anaangalia miguu yao kabla ya nyuso. Anasema mtu aliyesimama usiku kucha humtambui kwa uso, unamtambua kwa hatua.

Mtalii mmoja amemjia na simu, anaomba apigwe. Mama amemkatalia kwa upole, kiganja kifuani. Leo hapigi.

"Jua linakuja," nimesema, maana mawe yameanza kupata rangi.

"Nimeliona." Amekwenda kusimama kwenye reli, amegeuka, ameinua kidevu chake kwa vidole viwili. Chini yetu treni nyingine inaingia kituoni. "Sasa ondoka hapo kwenye alama, mwanangu. Paache wazi."